Mwangwi wa Elektroni Huko Siberia

Basi la kutoka Novosibirsk hukuteremsha msituni. Akademgorodok, mji wa wanasayansi ulioanzishwa mwaka 1957, umejificha katikati ya misonobari na mibetula, na watu huenda kazini kwa vijia vya theluji iliyokanyagwa. Kwenye Barabara ya Institutskaya ipo taasisi yenye jina la mwanakemia Voevodsky. Hapo ndipo mwaka 1981 Milov, Salikhov na Shirov walipobuni njia ya kupima umbali kati ya elektroni kwa mapigo ya maikrowevu, njia ambayo leo imeenea dunia nzima.

Kijana mmoja wa maabara alinyanyua kijimrija cha kioo. Ndani yake mlikuwa na toluini iliyoyeyushiwa C70, kizimba cha atomi 70 za kaboni, nyekundu kama juisi ya rozela. Nilidhani kazi ngumu ni ya leza itakayoimulika. Kumbe ni ya pampu: kugandisha, kuvuta hewa, kuyeyusha, kurudia tena na tena, kisha kuziba mrija kwa moto. Oksijeni ikibaki humo hupokonya molekuli nishati yake kabla hujapima chochote.

Mrija ukashushwa ndani ya sumaku, kwenye ubaridi wa nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. (Baridi ya nje, niliyoilalamikia asubuhi nzima, ikawa haina la kusema.) Leza ya kijani ikaanza kupiga. Molekuli ikishanyonya mwanga, elektroni zake mbili zilizokuwa zimepingana huishia kuelekeza spini, yaani sumaku ndogo ya kila elektroni, upande mmoja. Hiyo ndiyo hali ya tripleti. Hapo hufuata mapigo mawili ya maikrowevu, na baada ya muda sawa na ule uliopita kati yake, spini hurudisha mwangwi, jambo alilolionyesha kwanza Erwin Hahn mwaka 1950 kwa viini vya atomi. Kwenye skrini ni kinundu tu. Pigo la pili likicheleweshwa kwa sehemu ya milioni ya sekunde, kinundu hupungua. Likicheleweshwa zaidi, hakipo.

Kwa nini spini zisahau upesi hivyo, na kila kitu kimeganda? Kwa sababu kizimba chenyewe hakijaganda kabisa. Kikisisimuliwa hupindika kidogo, na upande wa kupindika huhamahama ingawa molekuli haiondoki ilipo. Kila uhamapo, elektroni hukuta mazingira mapya na kupotezana hatua. Kwangu mimi huo ndio utamu wa kazi hii: kufifia kwa ishara, ambako fundi wa redio angekuita hitilafu, ndiko kunakosimulia mwendo usioonekana kwa darubini yoyote.

Mrija uliofuata ulikuwa wa C60, zambarau, na hakuna aliyeufurahia. Kizimba hicho cha duara huhamahama hata kwenye kelvini chache, na ndani ya toluini inayoganda molekuli zake hupenda kugandana mafungu mafungu. Wakaanza kubishana juu ya kiyeyushi kingine.