Kaka'angu Yupo Bolivia, Hela Hana

Leo simzungumzii staa wala mchumba wa mtu. Namzungumzia kaka'angu wa damu, jina kapuni, maana akijikuta humu ataniombea mpaka nikome.

Nyie wa Mkomaindo mnaopita saluni kwangu swali lenu ni lile lile: "Braza yuko majuu, mbona mama yenu bado anapikia banda la nyasi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, kila mtu asome.

Kaka yupo Cochabamba, nchi ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Anasomea umisionari kwenye shirika moja la Kikatoliki, na kabla hujapewa kazi yoyote lazima ujue Kihispania. Mji ule wamisionari wa mataifa mbalimbali wanapelekwa kujifunza lugha tangu miaka ya 1960. Upo kama mita 2,500 juu ya bahari, na sisi ndio wale ambao tukipanda Newala tu tunabeba sweta. Saa zetu na zao zimepishana 7. Yeye akimaliza chakula cha usiku saa mbili, huku ni saa tisa usiku, mbwa wenyewe wamelala.

Alipotangaza kwamba anaenda, mama alilia siku mbili. Sisi Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo aliyeitwa ni mjomba. Nikajua hapa lazima agome, mtoto wa kiume aende asioe! Mjomba akavuta kiti, akakohoa, akasema: "Huyu hata angeoa, watoto wangekuwa wa ukoo wa mkewe. Mwacheni aende. Wa kutuzalia yupo hapa." Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nina miaka 21. Yaani yeye kaitwa na Mungu, mimi nimeitwa na mjomba.

Basi bhana, kaka akaondoka. Mwanzoni sauti za WhatsApp zilikuwa vichekesho tupu. Kwa Kihispania husemi "nasikia njaa", unasema una njaa, kama sisi. Hata umri, una miaka 27, kama sisi. Wenzake waliozoea Kiingereza wanahangaika, yeye anateleza. Siku ya kwanza mezani akataka kujionyesha, akasema ana njaa. Njaa ni "hambre". Yeye akasema "hombre", ambayo ni mwanaume. Frateri mzima anatangaza mbele ya mapadri kwamba ana mwanaume. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni.

Halafu kuna R. Kimakonde hakina R, na shuleni kaka alichekwa sana kwa hilo. Sasa kule "pero" ni lakini, "perro" yenye R ya kutetemesha ni mbwa, na "pelo" ni nywele. Anataka kusema "Mungu anatupenda, lakini", inatoka "Mungu anatupenda, nywele". Mwalimu anamrudisha mara 20. Mtu aliyeongoza kwaya hapa Masasi, anayehubiri mpaka wazee wanatoa leso, kule anaongea kama mtoto wa chekechea.

Ila kuna maneno yalimpokea kama ndugu. Meza ni "mesa". Bendera ni "bandera". Sukari ni "azúcar". Na hii "hata" yetu, wao wana "hasta", Waarabu walipita kote kote. Sokoni La Cancha aliona viazi vyeusi vilivyokaushwa, wanaviita chuño, akanitumia picha: "Mdogo wangu, nimekutana na binamu wa makopa." Halafu akagundua mama muuzaji mwenyewe akigeukia wenzake anaongea Kiquechua. Kihispania hakijaisha, nyingine hiyo inamsubiri.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike.

Mwaka jana mwezi wa 8 mama aliumwa, akatakiwa upasuaji. Mwezi wa 8 mnaujua, korosho ndiyo kwanza zinatoa maua, hakuna mwenye hela mtaa mzima. Nikamwandikia kaka: "Mama anapasuliwa. Tuma hela." Siku mbili kimya. Siku ya tatu: "Mdogo wangu, sina. Nawaombea."

Nikambloku.

Niliuza dreya ya saluni. Nikakopa kwenye kikoba. Mama akapasuliwa, akapona, namshukuru Mungu. Kila akiuliza habari za kaka nilimwambia mtandao wa huko mbovu. Miezi mitatu nimemdanganya mama yangu machoni, na sijivunii hilo.

Jioni moja mama akanyoosha mkono tu: "Lete simu. Nikifa ndiyo mtandao utashika?" Nikafungua bloku huku natetemeka. Nikaandika "Mambo". Ilikuwa kama saa mbili usiku, kule mchana. Dakika haikuisha, ikaingia sauti ya dakika 11. Nikaenda kuisikiliza nyuma ya banda.

Kumbe alijaribu. Yeye hana mshahara, ameweka nadhiri ya ufukara, anapewa posho ya sabuni na nauli basi. Lakini mlezi wao angeweza kumsaidia. Mlezi ni Mbolivia, Kiingereza hajui, na kaka alikuwa na miezi mitatu tu ya lugha. Alikaa nje ya mlango anatunga sentensi kwenye daftari. Kuomba, kuomba... neno alilokuwa analijua ni "orar". Akaingia, akasema anataka kuomba kwa ajili ya mama yake mgonjwa.

Sisi kuomba hela na kuomba Mungu ni neno moja. Wao ni mawili. "Orar" ni kusali tu. Ya kuomba kitu ni "pedir".

Yule padri akasimama, akamshika mikono yote miwili, wakasali. Wakasali sana, anasema, padri machozi yakamtoka. Halafu akamsindikiza mpaka mlangoni. Kaka akabaki kwenye korido na daftari lake, hana neno lingine. "Pedir" amekuja kufundishwa wiki mbili baadaye, na mimi nilikuwa nimeshambloku.

Sikujibu kitu usiku ule. Nilikaa nje mpaka mbu wakanifukuza.

Nimewahi kusoma kwamba Askofu Edward Steere, aliyeleta UMCA hapa Masasi mwaka 1876, alijifunza Kiswahili kwanza Zanzibar mpaka akakiandikia kitabu cha sarufi. Zamani nilimwona mtu mkubwa tu. Sasa nawaza ni mara ngapi aliomba maji akaletewa kitu kingine.

Siku hizi kaka anapiga Jumapili. Mama kajifunza moja, "mesa", anaitamka vizuri kuliko yeye. Dreya bado sijanunua, nasubiri msimu. Na mjomba alikuja juzi, akasikiliza sauti za kaka zote, akatikisa kichwa, akaagiza chai. Nilipoleta sinia akaniangalia.

"Kaka yako Kihispania kinapanda. Na wewe, mpwa wangu, umefikia wapi?"