Kabla Hujailipia Hiyo Jero

Mchafukoge, Dar es Salaam

Mpwa wangu Saidi,

Picha zako nimezipata, pamoja na habari ya konda anayekuuzia sarafu ya mia tano “iliyokosewa kiwandani” kwa shilingi 50,000. Usitoe hela kwanza.

Jero hiyo ya Mzee Karume na nyati ilitoka mwaka 2014, nayo ni chuma kilichovikwa nikeli. Kiwandani hukatwa kwanza viduara vitupu vya chuma, vikavikwa nikeli, ndipo vikagongwa picha. Ushike mfuatano huo, maana kosa la kiwandani haliwezi kuuruka.

Sasa itazame hiyo ya konda ilivyomeguka pembeni. Ingekatwa vibaya kiwandani, hata palipokatwa pangekuwa na nikeli, kwa kuwa pamekatwa kabla ya kuvikwa. Na aghalabu ukingo wa upande unaoelekeana napo ungefifia. Nimeikuza picha: pale pana chuma kitupu, na kutu imeshaanza. Hiyo ni kazi ya tupa, mwanangu. Akikwambia muipeleke kwa sonara mkaipime, mkatalie. Itapungua chini ya gramu 9.5, kweli, lakini iliyokosewa kiwandani nayo hupungua.

Ile nyingine pichani, yenye tarakimu zilizozama na kusomeka kinyumenyume imebanwa na mwenzake kwenye jiliwa. Naipenda sana shughuli hii ya sarafu, ndiyo maana inaniuma vijana wa Kariakoo wakilipia nyundo na jiliwa kwa jasho lao.

Iliyonifurahisha ni ile hamsini ya kifaru uliyoipiga picha kwa haraka tu. Hiyo ni chuma kilichovikwa shaba ya njano, na naona vilengelenge mgongoni mwa mnyama. Mistari ya picha inapita juu yake bila kukatika, wala hapana mkwaruzo. Moto nao huleta vilengelenge, ila huibabua rangi. Yako rangi imetulia. Naamini vazi halikushika vizuri tangu kiwandani. Haitakupa utajiri, kasoro hii ni ya kawaida, lakini ni ya kweli. Usiisugue kwa ndimu wala mchanga. Ifunge kwenye karatasi kavu.

Ijumaa baada ya sala nitakuwa Mnazi Mmoja. Njoo nayo, nitabeba kioo changu cha kukuzia. Msalimie mama yako.

Mjomba wako