Uvira: Mtoto wa wakimbizi aliyejenga vyumba vya kunasa maji hewani

Wanaoamka usiku Kavimvira, Mulongwe au Kalundu kupanga bidoni penye bomba wanajua maana ya maji kuja masaa machache na kukatika. Omar Yaghi naye anaijua. Alizaliwa Amman, Yordani, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi Wapalestina: ndugu wengi katika chumba kimoja, bila umeme wala bomba ndani.

Akiwa na miaka 10 aliingia kisiri maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilifungwa, akafungua kitabu na kuona picha za molekuli. Alipofika miaka 15, baba yake alimtuma Marekani kusoma. Tarehe 8 Oktoba 2025 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na Susumu Kitagawa wa Japani na Richard Robson wa Australia.

Kazi yao inafanana na makala ya jikoni. Makala ni mepesi kwa sababu yamejaa vitundu, na vitundu hivyo vinaweza kunasa harufu. Lakini havilingani. Watatu hawa walitaka kupima chumba kabla ya kukijenga: metali iwe nguzo, molekuli zenye kaboni ziwe boriti. Mwaka 1989 Robson alianza na shaba, madini yale yale yanayochimbwa Kolwezi, ila jengo lake lilibomoka kwa urahisi. Mwaka 1997 Kitagawa alionyesha kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka, jengo likabaki wima. Mwaka 1999 Yaghi alitoa jengo imara: gramu chache tu zina kuta za ndani zenye ukubwa wa uwanja wa mpira.

Baadaye, katika jangwa la Arizona, kundi lake lilitumia unga wa namna hiyo kunasa mvuke wa hewa usiku. Jua lilipoupasha moto, maji yakatoka.

Uvira haina jangwa; ziwa liko mlangoni. Kinachokosekana ni maji safi, na kipindupindu kinarudi tena na tena. Kwa leo, kinga ni klorini, kuchemsha na kunawa mikono.

Lakini watoto wa waliovuka Ruzizi kwenda Burundi, na wa wahamishwa waliopokelewa na wenyeji, wana umri ule ule wa Yaghi mbele ya kitabu kile. Mzazi asingoje vita iishe. Amuulize mwalimu wa karibu kama mtoto anaweza kukaa darasani, hata bila uniforme. Na mwenye ufunguo wa maktaba, afungue.