Ibadakuli: Ziwa lilipofuata watu

Mgeni anayefika Ibadakuli mwezi wa Septemba hupokewa na vumbi. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga, ulipo uwanja wa ndege wa mkoa, iko kwenye nchi tambarare ya migunga. Mvua ikikatika nyasi hukauka, na malambo hubaki matope yenye nyayo za ng'ombe.

Kwa miaka mingi familia za Usukuma zilihesabu maji kwa dumu. Wengine walifukua mchanga wa mto mkavu, wakasubiri shimo litoe maji ya kuchota kwa kata. Kazi hiyo iliwaangukia kina mama na mabinti. Binti aliyeamka alfajiri kuwahi foleni alifika shuleni amechoka, au hakufika kabisa. Mjini, tegemeo lilikuwa bwawa la Ning'hwa, nalo husubiri mvua.

Ndipo Serikali ikaamua kuyafuata maji ya Ziwa Victoria. Uamuzi huo ulihitaji msimamo. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri uliipa Misri kauli juu ya maji ya mto Nile na vyanzo vyake. Tanganyika huru ilikataa kufungwa nao mwaka 1962. Mradi ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2009. Maji huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa na kusukumwa hadi kilima cha Mabale, kisha huteremka yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama.

Kusafishwa ndiko kwenye uzito. Ukerewe ni kisiwa ndani ya ziwa hilohilo, lakini kichocho kimewasumbua watoto wake miaka mingi. Kuzungukwa na maji si sawa na kuwa na maji ya kunywa.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Umbali huo ndio wazazi wanapaswa kuuliza kwenye mikutano ya kijiji na mtaa.

Bomba likifika uani, kazi inabaki: ndoo ifunikwe, kikombe cha kuchotea kiwe na mpini, maji ya kunywa yachemshwe. Na ile saa ya foleni irudishwe kwa binti. Isigeuzwe kuwa saa ya kazi nyingine. Ni ya daftari lake.