Jua ni Lile Lile

Kizazi chetu cha wasanifu majengo wa Kenya kilianza kazi wakati hakukuwa na pesa za kupoza jengo kwa mashine, na leo naiona hali hiyo kuwa bahati. Chama chetu, AAK (Architectural Association of Kenya), kiliundwa mwaka 1967, nchi ikiwa na miaka minne tu ya uhuru. Shule, zahanati na ofisi za wilaya zilihitajika upesi, kwa mawe ya machimbo ya karibu, na mtu akae ndani mchana kutwa bila kutokwa jasho. Ikatulazimu kulisoma jua. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini, na ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa na upenu mfupi. Linalotesa ni jua la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa ubavu. Ukilaza jengo kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, umeshafanya nusu ya kazi kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji.

Maarifa haya hatukuyavumbua sisi. Waliotoka pwani walikuwa wamelelewa ndani yake. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kuta nene za matumbawe na chokaa, zinazochelewesha joto lisifike chumbani mchana. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, na uwanda wa ndani huachia hewa ya moto ipande na kutoka. Vichochoro ni finyu kiasi kwamba ukuta wa jirani humpa mpita njia kivuli. Mji huo ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wengi walisifu nakshi za milango. Natamani wangesifu na hewa.

Kisha kikaja kioo. Upper Hill na Westlands zikajaa majengo yaliyovikwa vioo pande zote, hata upande wa magharibi, katika mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai watu huvaa sweta. Umeme ukikatika, wafanyakazi hutoka nje kwa sababu ndani hakukaliki. Wenye mitaji walitaka Nairobi ifanane na Dubai, wapangaji wakakubali kulipa zaidi, na sheria haikusema kitu, maana tulikuwa bado tunatawaliwa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968. Kanuni mpya za taifa zimepatikana mwaka 2024. Miaka zaidi ya hamsini! Watoto waliozaliwa kanuni za kwanza zikitoka wameshakuwa babu na bibi.

Ndiyo maana nawaheshimu vijana walioushika usukani wa chama. Ndani ya AAK, pamoja na wasanifu, wahandisi, wapangaji miji na wakadiriaji, sasa wamo washauri wa usanifu wa kimazingira, wenye kitengo chao. Chama kimetoa kipimo cha kwetu cha majengo rafiki kwa mazingira, Safari Green Building Index. Kinachonifurahisha ni kwamba kipimo hicho huanza na mambo tuliyofundishwa zamani: jengo limeelekea wapi, kivuli kinatoka wapi, hewa inapita vipi. Mashine baadaye. Mifano ya kuonyesha ipo pia. Jengo la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, lililofunguliwa mwaka 2011, lina paa la paneli za sola na linakalika bila viyoyozi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki kule Lang'ata, iliyosanifiwa na Musau Kimeu, hupitisha hewa katika matabaka ya mawe ili ipoe kabla ya kuingia ndani. Nikisimama mbele ya majengo kama hayo nasema kazi yetu haikupotea.

Lakini wanangu, nendeni Pipeline, Embakasi. Nendeni saa sita mchana, muone taa zikiwaka kwenye korido kwa kuwa jua halifiki. Ghorofa saba, nane, zimebanana hata mtu angeweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi kupitia dirishani. Familia nzima huishi katika chumba cha futi 10 kwa 10. Huruma, Aprili 2016, jengo la namna hiyo lilianguka usiku wa mvua, likaua watu zaidi ya 40. Wanairobi wengi hulala katika vyumba vya kupanga, na wengi wa wanaovijenga hawajawahi kukaa meza moja na mwanachama wetu. Mwenye ploti humwita fundi, na ramani hunakiliwa kutoka ploti ya jirani. Tuzo zetu hazimfikii, na kipimo chetu, kwa uzuri wake wote, hajakisikia.

Simlaumu. Ada ya msanifu ni pesa ambazo angenunulia nondo, na hakuna aliyemwonyesha kwamba chumba chenye hewa pande mbili hupangishwa haraka na hakiozi kuta kwa unyevu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa chama jambo moja. Choreni ramani za nyumba za kupanga zinazotosha kwenye ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100: zenye uwazi wa katikati unaofikisha mwanga hadi chini, ngazi zenye hewa, tangi la maji ya mvua, na nguzo zilizokokotolewa na mhandisi. Zipelekeni kaunti zipitishwe mapema, kisha mwenye ploti apewe bure pamoja na kibali, na fundi wake afundishwe kuzisoma. Wazee wa chama tuliobaki tuna muda, na bado tunajua kuchora kwa mkono. Tuiteni hata wiki ijayo.