Nafasi Tupu Kwenye Jedwali

Mpanda, Katavi, Jumamosi 7 Septemba 2024
Umeme umerudi saa mbili usiku, nikafungua kompyuta. Nimeanza na data wanayoanzia wengi wanaojifunza takwimu: maua 150 ya airisi, spishi tatu, hamsini hamsini. Ronald Fisher aliyatumia katika makala yake ya 1936, lakini mkusanyaji na mpimaji alikuwa Edgar Anderson. Spishi mbili alizichuma Gaspé, Kanada, malisho yale yale, siku ile ile, akazipima kwa kifaa kile kile. Nimeupenda uangalifu huo.

Jumapili 8 Septemba
Leo pengwini 344 wa visiwa vya Palmer, Antaktika, waliopimwa 2007 hadi 2009. Nikachora urefu na unene wa mdomo kwa pamoja: mstari unashuka. Nikawatenga kwa spishi: mistari yote mitatu inapanda! Nimerudia mara mbili ndipo nikaamini. Pengwini wawili hawana vipimo. Nimewafuta kwa amri moja, bila kujiuliza kulikoni.

Jumamosi 14 Septemba
Nimetaka data ya kwetu. Nimemfuata mjomba msituni, kwenye mizinga yake, nikiwa na daftari na futi ya fundi cherehani. Mitundu imechipua, majani mapya mekundu. Nimeanza kupima mizunguko ya miti 30, kila mmoja mita 1.3 kutoka ardhini. Mninga wa kwanza: sentimita 94. Gawanya kwa 3.14, kipenyo kama 30. Gome lilikuwa na jeraha, utomvu mwekundu umegandia kwenye futi, haujatoka mpaka sasa.
Mti wa 30, mtundu wenye mzinga, umeishinda futi: inaishia 150. Nikaacha nafasi tupu.
“Mjomba,” akaniambia, “mkubwa kuliko yote ndio unaouacha?”

Jumapili 15 Septemba
Wastani wa miti 29 ni sentimita 88. Maneno ya mjomba hayajanitoka. Kompyuta ingeufuta mtundu ule kama nilivyowafuta pengwini, na msitu ungeonekana mwembamba kuliko ulivyo. Mti ule umekosa kipimo kwa sababu ya ukubwa wake, na ukubwa ndio ninaoutafuta. Kuandika 150 nako ni kusema uongo.

Jumamosi 21 Septemba
Nimerudi na kamba. Mjomba ameshika ncha moja, nimeuzunguka mtundu, tumefunga fundo pale ncha zilipokutana. Nyumbani nimeinyoosha sakafuni: sentimita 212. Wastani sasa ni 92.1.
Nimeongeza safu ya mwisho kwenye jedwali, nimeiita “maelezo”. Mbele ya mti wa 30 nimeandika: futi ilikuwa fupi, umepimwa kwa kamba. Atakayejifunzia data hii, hata akiwa mbali na Katavi, ajue kilichotokea chini ya mti ule.