Kamanyola: macho makavu yanayotoa machozi

Kiangazi kikifika Kamanyola, vumbi la barabara inayoshuka kutoka Ngomo linaingia mpaka ndani ya sahani. Kwa mama mmoja mkimbizi wa vita, anayepika kwa kuni chini ya bashe, vumbi hilo limekutana na moshi. Jioni macho yanamuwasha kama yametiwa mchanga, kisha yanatiririka maji. Ndiyo maana alicheka alipoambiwa kuwa macho yake ni makavu.

Lakini ndivyo ilivyo. Jicho likikauka linauma, nalo linatoa machozi mengi kwa ghafula. Machozi hayo hayakai, hasa pale yanapokosa mafuta kidogo yanayotoka kwenye ukingo wa kope.

Mama alikuwa anatia ndani maji ya majani yaliyopondwa. Jirani yake alimkataza, akamwonyesha njia ya uganga wa Kichina. Huko China, tangu mwaka 1963, watoto wa shule wanafundishwa kukanda kando ya macho kwa vidole.

«Mama, nawa kwanza,» jirani alimwambia. Hapo ndipo penye shida, maana sabuni haipatikani kila siku. Asiye na maji safi na sabuni heri asiguse macho kabisa.

Unafumba macho. Unabonyeza polepole pale nyusi zinapoanzia karibu na pua, halafu kwenye mfupa chini ya jicho, halafu kwenye panja. Kila mahali unahesabu pumzi chache. Usibonyeze jicho lenyewe. Mwisho unasugua viganja mpaka vipate moto, unafunika macho bila kuyakandamiza. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu kinasaidia zaidi, dakika tano hivi, kwa sababu joto linalainisha yale mafuta ya kope. Kila mtu awe na kitambaa chake: macho mekundu, ambayo wengi wanayaita Apollo, yanaambukiza nyumba nzima.

Vidole havitibu kila kitu. Mwenye usaha, maumivu makali, au anayeanza kuona ukungu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mama bado anakanda kila jioni. Ila wiki hii ametoa mafiga nje ya bashe, upande ule ambao upepo unapeleka moshi mbali, na watoto nao wameacha kusugua macho wakati wa kula.